Kidole cha Mwanaume wa Pili

Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikihesabu vidole vya mafundi wa mabati. Fundi yeyote akipita njia ya juu ya shamba letu, kule karibu na Itumbe, nyundo kiunoni na ngazi begani, niliacha kuchuma majani chai na kumkimbilia kana kwamba nina salamu za kumpa. Nilimwamkia, akanipa mkono, nami nikauchungulia mkono ule upande wa kidole cha mwisho. Nilikuwa natafuta kidole cha sita. Nikikiona, nilijiambia, nitakuwa nimempata mtu aliyeivunja nyumba yetu. Nilikuwa nimeshaokota na jiwe la kumpiga nalo, nimelificha chini ya mchai.

Sikumpata, kwa sababu hakuwepo. Ilinichukua miaka minane kulijua hilo. Sasa mimi ni mtu mzima, ni mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari upande wa Marani, na kila nikiyakumbuka mambo haya damu hunichemka upya. Watu husema hasira hasara. Mimi hasara niliipata kwanza, hasira ikaja baadaye, kwa hiyo mniache nikasirike kwa nafasi yangu.

Amasangia kila Mgusii anaijua, hata anayejifanya haijui kwa sababu ana ofisi mjini Kisii. Ni ile imani kwamba mwanamke aliyeolewa akitembea na mwanaume mwingine, ugonjwa huingia nyumbani, na mgonjwa haponi mpaka mwanamke akiri na kusema alikuwa na nani. Kwetu mlimani wazee walikuwa wameongeza yao. Sijaisikia kwingine, na sitaki kuwasingizia Abagusii wote maneno ya mlima mmoja. Walisema mtoto akizaliwa na kidole cha sita, vile vitano ni vya mume na kile cha sita ni cha mwanaume wa pili.

Aliyeishikilia imani hiyo kwa mikono miwili ni bibi yangu mzaa baba. Tulimwita Magokoro, kama wajukuu wote wa kwetu wanavyowaita bibi zao. Alikuwa shemasi wa kanisa la Sabato. Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika kanisani, kitambaa cheupe kichwani, Biblia imefunikwa gazeti isichafuke. Kama ungemwambia kwamba mambo ya kidole hayamo katika Biblia ile, angekujibu kwamba hata kupika ugali wa wimbi hakumo, na bado watu wanakula.

Nilikuwa na miaka tisa Mama alipojifungua ndugu yangu. Alijifungulia hospitali, akarudi nyumbani siku ya pili, akaniruhusu nimfungue mtoto shuka nimwone. Nilimhesabu vidole, kwa sababu shuleni tulikuwa tunahesabu kila kitu. Mkono wa kushoto, sita. Mkono wa kulia, sita. Kando ya kidole cha mwisho, kila upande, kilikuwepo kidole kingine kidogo, laini, hakina mfupa, kina ukucha mwembamba kabisa. Nilifurahi. Nilidhani tumepewa nyongeza.

"Nesi amesema tuviache," Mama aliniambia, naye anacheka. "Akikua kidogo daktari atavitoa. Havimuumizi."

Magokoro alikuja mchana akiwa na chungu cha chinsaga, ile mboga chungu ambayo mama mzazi hupikiwa kwetu ili damu irudi na maziwa yashuke. Alimchukua mtoto, akamfungua, akamtazama mikono. Akamfunika tena taratibu. Alimwekea Mama mboga kwenye sahani, akaketi akamwangalia anavyokula mpaka akamaliza.

Siku ya tatu Mama alikwenda kuoga. Magokoro aliingia, akachomoa uzi kwenye gunia la majani chai, akaulowesha mate, akaniambia, "Mshike vizuri, asirushe mikono." Nikamshika. Naliandika hili ili nisije nikasema baadaye kwamba nilikuwa natazama tu. Mimi ndiye niliyemshika ndugu yangu, Magokoro akakaza uzi kwenye kidole cha kushoto, akakaza kwenye cha kulia, na mtoto akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kabla ya siku ile.

Mama alitoka bafuni mbio, maji yanamdondoka.

"Umefanya nini, Mama?" alimuuliza mama mkwe wake.

"Nimewaondolea aibu. Vikianguka tutasahau."

Mama alijaribu kuufungua uzi kwa kucha, lakini ulikuwa umeshazama ndani ya nyama. Baba alipotoka kazini jioni alielezwa, akasema, "Mama anajua mambo ya watoto kuliko sisi." Baba alikuwa mtu wa mashine katika kiwanda cha chai. Angeweza kukuambia majani yamekauka kiasi gani kwa kuyanusa tu. Lakini kumwambia mama yake neno hapana, huo ulikuwa ufundi asiousomea.

Kidole cha kushoto kilinyauka, kikaanguka baada ya siku chache, kikavu kama kitovu. Cha kulia kilikataa. Mkono ulivimba, ukawa mwekundu, kisha mweusi pale penye uzi, na usaha ukaanza kutoka. Mtoto akapata homa. Mama alimvika, akachukua shuka la kumbebea, akasema anakwenda hospitali. Hapo ndipo Magokoro alipofungua kesi aliyokuwa akiitunza tangu siku ya chinsaga.

"Cha kushoto kimekubali kwenda," alisema. "Cha kulia kimekataa kwa sababu mwenyewe hajatajwa."

Walikaa sebuleni mchana wa saa nane. Babu, ambaye alikuwa hai wakati huo, alikuwa kwenye kiti chake. Baba alikaa kwenye kibao akitazama sakafu. Magokoro aliketi karibu na mlango, na mlango ukafungwa kwa ndani. Mama alikuwa katikati amesimama na mtoto kifuani. Mimi nilifukuzwa nje pamoja na kuku, nikaenda kusimama chini ya dirisha, na huko nilisikia yote. Walisema Kigusii. Nayaandika kwa Kiswahili, lakini sijabadilisha kitu.

"Sema, mokamwana," Magokoro alianza. Maana yake ni mke wa mwanangu. Alilitamka kwa upole mno, na upole ule ndio unaoniudhi kuliko yote.

"Sina la kusema, Mama. Mtoto anaungua. Niacheni nimpeleke."

"Utampeleka. Sema kwanza."

"Sijamjua mwanaume mwingine. Mungu anajua."

"Mungu anajua," Babu aliitikia. "Sisi ndio hatujui."

"Ukitoka na huyu mtoto bila neno, atakufa njiani," Magokoro alisema. "Na huyu mume wako atamfuata. Nimekuonya."

"Baba Kwamboka," Mama alimwita Baba kwa jina langu, kama alivyomwita siku zote. "Waambie. Wewe unanijua."

Nilimsubiri Baba aseme. Nilisubiri kwa mwili mzima, nimeushika ukuta. Baba alikohoa. Baada ya muda akasema, "Sema tu, yaishe."

Mtoto alikuwa akilia muda wote huo. Ghafla akaacha. Mimi, wa miaka tisa, nilifikiri amelala. Mama alijua siyo usingizi.

"Haya," alisema. "Nilikosa. Alikuwa fundi wa mabati."

"Jina?"

"Sikumuuliza. Alitoka mbali, akaenda zake. Sasa fungueni."

Magokoro alipumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akafungua mlango. Mama alipita karibu yangu bila kuniona, miguu mitupu, akashuka mteremko mbio mpaka barabarani.

Hospitalini walikata nyama iliyooza, wakampiga mtoto sindano asubuhi na jioni, na homa ikashuka. Dawa ile ilimtibu, nasi sote leo tunajua hivyo. Lakini mlimani habari ilipita vingine. Mwanamke amekiri, mtoto amepona. Magokoro alionya, na neno lake limetimia. Majirani walikuja kumpa mkono. Nakumbuka mmoja akisema kwamba hospitali nyingi zingekuwa tupu kama wanawake wangekuwa wanasema ukweli. Ningempata mtu huyo leo ningemfundisha somo zima bila malipo, na bila chaki.

Mama aliporudi na mtoto aliyepona alilikuta sanduku lake nje, juu ya nyasi. Alikuwa amekiri mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Ushahidi gani tena? Akarudi kwa wazazi wake Suneka na mtoto mgongoni. Mimi nilibaki. Nilikuwa na vidole kumi kamili, kwa hiyo nilihesabiwa kuwa wa nyumba. Baba baadaye alioa mwanamke mwingine, mtu mpole ambaye hakunikosea kitu, na maisha yakaendelea kana kwamba lililotendeka ni kubadilisha pazia.

Nilimwamini nani mimi? Hili ndilo ninaloona haya kulisema. Niliamini kikao. Nililelewa na Magokoro, nikala chakula chake, nikasali sala zake, na yeye hakumtukana Mama hata siku moja. Alikuwa akisema tu, "Mama yako alikuwa mchapakazi, ni vile alikosa." Matusi ningeyapinga. Neno la huruma lilipita moja kwa moja.

Likizo moja, nikiwa na miaka kumi na moja, Baba aliniruhusu niende Suneka siku tatu. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi za kupika. Ndugu yangu alikuwa anacheza na maganda, mnene, mwenye kovu kwenye mkono wa kulia. Nilimuuliza Mama swali nililokuwa nimelibeba miaka miwili.

"Kwa nini ulifanya vile?"

"Sikufanya," alisema.

"Lakini ulisema. Nilikusikia."

"Nilisema ili mlango ufunguliwe."

Nilitoka nje nikamwacha na ndizi zake, na siku mbili zilizobaki nilikuwa nikimjibu ndiyo na hapana tu. Niliporudi Itumbe niliendelea kuwavizia mafundi, na likizo nyingine nilizokwenda Suneka zilipita hivyo hivyo.

Nilikuwa kidato cha tatu tulipofika kwenye mada ya urithi. Mwalimu wetu alikuwa mtu mfupi, mwepesi wa mzaha. Alieleza kwamba DNA ni maagizo tunayopewa na baba na mama nusu kwa nusu, kwamba jeni ni agizo moja katika maagizo hayo, na kwamba agizo peke yake halijengi kitu mpaka litengeneze protini. Protini ndizo wafanyakazi. Kwenye mimba changa, mkono ukiwa bado kama kijiko cha nyama, zipo protini zinazoelekeza mahali pa kuota kidole na mahali pa kutoota. Agizo likiwa na kosa dogo sana, kidole kinaota pasipotakiwa. Kisha akachora ubaoni kiganja chenye vidole sita.

Niliacha kunakili.

"Hii ni jeni tawala," alisema. "Ukipewa moja tu, na mzazi mmoja, inatosha. Kwa hiyo mkimwona mtoto mwenye vidole sita, msishangae. Angalieni mikono ya wazazi wake, na ya babu na bibi."

Mvulana wa nyuma aliuliza, "Na kama bibi alikatwa zamani?"

"Ukikata mkungu wa ndizi," mwalimu alimuuliza, "chipukizi husahau zilikuwa ndizi gani?"

Darasa lilicheka. Kila mtoto wa Kisii anajua kwamba chipukizi la mgomba halisahau. Mimi sikucheka. Nilikuwa naiona mikono ya Magokoro. Kila Ijumaa alasiri, kabla ya Sabato kuingia, mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha mikono ile na kumpaka mafuta. Kando ya kidole cha mwisho, kila mkono, alikuwa na uvimbe mgumu, saizi ya punje ya mahindi. Niliwahi kumuuliza, akasema alikatwa na kisu utotoni. Nikakumbuka na mikono ya Baba. Alikuwa na vivimbe viwili vya namna hiyo hiyo, naye alituambia ni sugu za kazi.

Tulipofunga shule kwa mapumziko mafupi nilifika nyumbani nikamkuta Magokoro uani, ungo magotini, anachambua maharagwe. Sikumwamkia. Mtoto wa Kigusii hafanyi hivyo, na alishtuka. Nikamshika mkono.

"Hii ni nini, Magokoro?"

"Nilikuambia. Kisu."

"Kisu kilikukata mikono yote miwili, mahali pamoja?"

Aliuvuta mkono wake, akaendelea kuchambua.

"Na Baba je? Naye alikatwa na kisu?"

Vidole vyake vikasimama kwenye ungo. Alitazama nyuma kuona kama kuna mtu. Nitawaambia jambo moja kuhusu wasemao uongo wa muda mrefu: siku wakifikiwa huchoka haraka.

"Mama yangu alinifunga mimi nikiwa na siku mbili," alisema. "Baba yako nilimfunga mwenyewe, ndani, kabla mama mkwe hajaingia kumwona."

"Kwa hiyo ulijua."

"Kilikatwa, Kwamboka. Changu kilikatwa, cha baba yako kikakatwa. Kitu kilichokatwa mara mbili kinarudije? Kilipotokea kwa yule mtoto nikasema huyu ameletwa na mtu mwingine."

"Hukuwaza hata mara moja kwamba ni kile kile?"

Kuku mmoja alikuja akadonoa haragwe kwenye ungo, naye hakumfukuza.

"Niliwaza," alisema.

"Ukanyamaza."

"Ningesema, ningeulizwa mimi. Babu yako alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti. Angeniuliza mtoto wake wa kwanza nilimzaa na nani. Ningekwenda wapi na uzee huu?"

Wapo watu waungwana ambao mahali hapa wangeandika kwamba walimhurumia. Mimi nilimhurumia kwa muda wa kumeza mate, halafu nikakumbuka mtoto alivyoacha kulia. Nyani haoni kundule, wanasema, lakini Magokoro alikuwa ameliona lake na kulifunga uzi. Alijua hofu ya mwanamke anayehesabiwa vidole vya mtoto. Aliijua hofu hiyo kuliko wote waliokuwa sebuleni, na ndiyo sababu alijua pa kumshika Mama. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo majirani walitoka nje kuisikiliza. Nilimwambia na maneno mengine ambayo mjukuu hamwambii bibi, na sijawahi kuyaombea msamaha.

Baba alipokuja jioni nilimweleza yote. Aligeuza mikono yake, akaitazama pande zote mbili kama mtu aliyepewa mikono ya kuazima.

"Mambo ya zamani hayo," alisema mwishowe. "Tuyaache."

Mtoto wake wa pili kwa mama yule mwingine, msichana wa miaka mitatu, alikuwa amemkalia mapajani. Nilimshika mikono. Alikuwa na sugu mbili, moja kila upande, katika mikono ambayo haijawahi kushika hata mpini wa jembe. Nilimuuliza mama wa kambo ni nini. Akasema hajui, labda ndivyo alivyozaliwa, maana Magokoro ndiye aliyempokea mtoto na kumwosha mara ya kwanza, akamrudisha akiwa amefungwa kitambaa mikononi. Kwa huyo hakuna kikao kilichoitwa. Kesi ya pili ingefanya watu waulize kuhusu ya kwanza.

Msidhani naandika habari za watu wa kale. Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu swali nililolitunga mwenyewe: mzee aliyezaliwa na vidole sita, akakatwa cha sita akiwa mchanga, je, anaweza kumzaa mtoto mwenye vidole sita? Walichora miraba yao ya urithi vizuri, herufi kubwa palipo na jeni ile, herufi ndogo pasipo nayo. Kisha msichana mmoja, hodari kweli, akainua mkono.

"Lakini mwalimu, kama kilikatwa akiwa mdogo, si damu imeshasahau?"

Nusu ya darasa ilitikisa kichwa kukubali. Hawa ni watoto wenye simu, watoto waliozaliwa juzi. Niliwaeleza upya. Niliwaambia kwamba kisu hukata nyama, hakifiki kwenye maagizo, na maagizo yamo katika kila chembe ya mwili, hata kwenye zile zitakazokuwa mtoto. Wakaandika. Wakati wa kutoka nilimwita yule msichana, nikamuuliza kama ameelewa. Akasema ameelewa. Nikamuuliza, jirani yako akijifungua kesho mtoto mwenye vidole sita, utasema nini?

"Aaa, hapo nitanyamaza, mwalimu," alisema kwa heshima zote. "Hii ni ya mtihani. Nyumbani kuna wenyewe."

Alipata alama zote katika swali lile. Nilimpa mwenyewe, kwa kalamu nyekundu. Tumewafundisha kulibeba somo hili kama sare ya shule: linavaliwa asubuhi, linavuliwa langoni. Siku kuna mwanamke amesimama katikati ya sebule na mtoto mwenye homa, yule msichana mwenye alama zote atakuwa amekaa kwenye kibao, anatazama sakafu. Hasira yangu kwake ni ndogo. Kubwa ni kwetu sisi tulioridhika na alama.

Lakini sijaeleza yote; imebaki siku moja.

Baada ya kugombana na Magokoro sikulala nyumbani kwetu tena mapumziko yale. Kesho yake asubuhi nilikwenda Suneka na daftari langu la baiolojia kifuani, chini ya sweta, kwa sababu ilikuwa inanyesha. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilikuwa nakwenda kumpa mama yangu zawadi ambayo hakuna mtoto aliyewahi kumpa mamaye. Nilikuwa nakwenda kumsafisha jina.

Nilimkuta anafua. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikafungua daftari, nikamchorea mraba. Huyu ni Magokoro. Huyu ni Baba. Huyu ni wewe, na wewe hapa huna kitu, angalia, herufi ndogo mbili, kwa hiyo kidole hakikutoka kwako wala kwa mtu wa kando. Kimetoka kwao. Nilimweleza jeni, nikamweleza protini, nikamweleza mkungu wa ndizi. Nilimweleza alichokiri Magokoro juu ya ungo. Nilikuwa nahema. Mama alisikiliza mpaka mwisho, povu linamkaukia mikononi.

"Kwa hiyo ni cha kwao," alisema.

"Ni cha kwao, Mama! Wewe hukufanya kitu!"

Nilitegemea alie. Nilitegemea anikumbatie. Alichukua shati alilokuwa akilifua, akalikamua, akalitandaza kwenye ua, kisha akarudi akaketi mbele yangu.

"Ulikuja hapa ukiwa na miaka kumi na moja," alisema. "Uliniuliza, nikakujibu. Nilikujibu nini?"

"Kwamba hukufanya."

"Halafu?"

"Nilikuwa mtoto, Mama."

"Ulikuwa mtoto, ndiyo. Lakini umekuwa mkubwa tangu wakati ule, na ulikuwa unakuja hapa unakula chakula changu bila kunitazama." Hakupandisha sauti. Mama hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Hizo habari za huyo mwalimu wako ni nzuri. Wapelekee watu wa Itumbe, wao ndio walikuwa hawajui. Mimi nilikuwepo, Kwamboka. Mimi nilijua."

Nilifunga daftari. Alikausha mikono kwenye leso, akaniuliza swali moja la mwisho.

"Leo umeniamini mimi, au umeamini hicho kitabu?"

Nimefundisha mada ile mara nyingi tangu siku ile. Magokoro alikufa sijamsamehe, na Baba nampelekea sukari na sabuni kila mwezi bila kuketi. Hao najua ninachowadai. Ninaposhindwa ni kwa yule msichana wa kidato cha tatu niliyekuwa mimi, aliyemwendea mama yake na mchoro, miaka minane imepita, akisubiri ashukuriwe. Jibu la kweli lilikuwa kitabu. Sikulisema, naye hakuningojea niliseme. Aliinuka akaenda kuniwekea chakula.